Zulia la mlango wa bafu kwa fulana zilizochakaa

Habarini wapendwa, karibuni tena barazani kwetu hapa Mikindani. Leo tunashughulikia fulana za mtumba zilizochakaa, zile ambazo hata kumpa mtu unaona haya. Nyingi huchomwa nyuma ya nyumba, au hutupwa mferejini na mvua ikazipeleka baharini. Maji yakipwa nakuta matambara yamenasa kwenye mizizi ya mikoko, na inaniuma sana.

Andaa fulana 6 au 7 za watu wazima, mkasi mkali, uzi wa kushonea magunia na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Kama huna shazia, muulize bibi yeyote anayeshona mikeka. Fulana ziwe zimefuliwa na kukauka. Iliyolowa mafuta ya gari usiitumie.

Sasa tupime kitambaa. Toka nje, weka maji karibu. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo, kiwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hunywea, huyeyuka, kisha huganda kama ushanga, maana ile ni plastiki. Ndiyo sababu nawasihi msizichome nyumbani, moshi wake unaingia vifuani mwa watoto. Tena poliesta hainywi maji vizuri, na sisi tunataka zulia la kukaushia miguu. Chagua za pamba.

Tandaza fulana, ondoa pindo la chini. Anza kukata kutoka chini, upana wa vidole viwili, ukizunguka bila kukatisha mpaka ufike kwapani. Unapata utepe mmoja mrefu. Uvute kwa nguvu. Unaona unavyojiviringa wenyewe? Ukiwa na khanga kuukuu, nayo unaweza kuitia; haihitaji mkasi sana. Chanja kidogo ukingoni, kisha chana kwa mikono, itafuata uzi wake. Khanga hii nyekundu ni ya marehemu mama, ilishachanika katikati. Nimeitia humu ili niendelee kuiona kila asubuhi.

Kuunga, usipige fundo, litakuumiza unyayo. Toboa tundu kwenye ncha ya kila utepe. Pitisha ncha ya utepe wa zamani ndani ya tundu la utepe mpya, kisha mkia wa huo mpya uupitishe kwenye tundu la ule wa zamani, vuta. Tepe zako tatu za kusukia zisilingane urefu, ili maungio yasikutane mahali pamoja.

Suka kama nywele, bila kukaza mno.

Hapa kwenye kushona ndipo penye kazi. Weka msuko sakafuni, siyo mapajani. Uzungushe kama unavyoshona ukili wa mkeka, shazia ipite pembeni kati ya mizunguko ili uzi ujifiche. Ukifika kwenye kona, lisha msuko kwa kulegeza. Zulia langu la kwanza niliukaza msuko, likainuka kingo kama bakuli, nikafumua kazi ya siku mbili. Likianza kuinuka, fumua mzunguko mmoja tu, legeza, endelea. Likifanya mawimbi, umelegeza mno.

Ncha ya mwisho ichomeke chini, ishone mara tatu. Vipande vilivyobaki, pamoja na zile za poliesta, vikate vidogo ujazie mto.

Ukilifua, usilitundike kambani, uzito wa maji utalivuta. Litandaze juu ya mawe juani, uligeuze mchana.