Saa Isiyo na Mishale

ASHA: Karibuni tena. Leo Juma kanuna, na mnamjua: Juma akinuna, ujue pesa imemtoka.

JUMA: Acha hizo. Jumanne nimepokea mzigo wangu. Santuri ya dhahabu ya Marekani, ya 1978, iko ndani ya fremu na kibao chake chini. Kioo kilipata ufa njiani, nikaipeleka kwa fundi fremu.

ASHA: Akasemaje?

JUMA: Kaitazama weee, kaniuliza, "Bosi, mishale yake umeiacha nyumbani?"

ASHA: (anacheka) Kadhani saa!

JUMA: Nikamweleza: hizi ni tuzo za mauzo, hutolewa na RIAA, chama cha kampuni za muziki kule, tangu 1958. Albamu ikifika nakala 500,000 ni dhahabu, milioni moja platini, milioni 10 almasi.

ASHA: Kumbe yule kijana wetu wa Tandale alijipa madaraja mawili kwa mpigo!

JUMA: Na akaanza na la juu. Basi fundi akaitikia, "Sawa bosi, sasa inatumia betri gani?"

ASHA: Na dhahabu yenyewe?

JUMA: Utando tu, usihangaike na sonara. Sasa sikia. Lebo inataja nyimbo nne upande huo. Nimemulika na tochi ya simu, nikahesabu vile vipande kati ya mstari na mstari, kila kipande wimbo mmoja. Saba!

ASHA: Umepigwa.

JUMA: Nilijua nimepigwa, usingizi sikuupata. Kumbe za kweli nyingi ziko hivyo. Watengenezaji walichukua sahani yoyote iliyo karibu, wakaipaka, wakabandika lebo.

ASHA: Kwa hiyo hata saa yako haisemi kweli. Usoni saa nne, kumbe saa saba!

JUMA: Nyie!

ASHA: Kibaoni jina la nani?

JUMA: La mtu wa mauzo wa kampuni.

ASHA: Yaani sebuleni kwako umetundika jasho la mtu? Marehemu baba alipewa ngao ya mfanyakazi bora. Nikiikuta ukutani kwa mtu, naishusha kwa mikono yangu.

JUMA: Hata kama ni nyinyi mliouza?

ASHA: Tusingeuza.

JUMA: Hilo siyo jibu. Wao wameuza. Ningeiacha iende jalalani?

ASHA: Ungenunua santuri ya kawaida, ukasikiliza muziki.

JUMA: Hiyo kila mtu anayo. Hii ingekuwa na jina la mwimbaji mwenyewe, bei nisingeigusa.

ASHA: Umeona? Unanunua jina la mtu.

JUMA: Nanunua historia.

ASHA: Jina.

JUMA: Historia, dada.

(kimya)

ASHA: Haya, uliahidi njia tatu za kutambua feki.

JUMA: Ya kwanza, igeuze fremu uangalie mgongo. Karatasi ya 1978 haiwezi kuwa nyeupe kama...

ASHA: Fundi mitambo anatuonyesha saa.

JUMA: Ipi?

ASHA: Ile yenye mishale.