Magimbi ya 22,500

SELE: Inarekodi? Haya. Karibuni tena barazani, mimi Sele, na dada Mwaju huyu hapa, wiki nzima kanyamaza kwenye grupu mpaka nikadhani kafiwa.

MWAJU: Nimefiwa na hela.

SELE: [kicheko] Msiba uko wapi?

MWAJU: Masaki. Sikiliza basi, Jumamosi nilimchukua mtoto wa dada yangu, nilishamwahidi aiskrimu maana kafaulu hesabu, na mimi kichwani najua ni zile za lambalamba, yule baba anapita na baiskeli yake na muziki unapigwa mtaa wa tatu unasikia. Kakaniangalia kakasema, mama mdogo mimi nataka froyo. Froyo! Nikadhani ni ugonjwa.

SELE: Ni yogati ya kugandishwa.

MWAJU: Mtindi, Sele. Yaani maziwa mgando, halafu unayagandisha tena. Mgando wa mgando.

SELE: Hapo subiri kidogo, maana nimejiandaa, leo nina mambo matano ya kujua kabla hujaenda...

MWAJU: Nimalize kwanza. Unaingia, hakuna anayekuuliza unataka nini. Ukutani kuna mashine, kila moja mikono mitatu, wa kushoto ladha yake, wa kulia ladha yake, ukivuta wa katikati zinatoka zote mbili zimesokotana. Makopo saizi moja tu, bakuli la uji kabisa! Unajaza mwenyewe, unasogea kwenye vikorombwezo, korosho, embe, biskuti za kusagwa, na vile vigololi ukiving'ata vinapasuka mdomoni vinatoa juisi. Mwisho kopo linapanda kwenye mzani kama nyama buchani.

SELE: Na mzani hauna undugu.

MWAJU: Gramu 450. Kila gramu shilingi 50.

SELE: Ngoja... 22,500? Dada!

MWAJU: Na uniue kabisa, nusu yake ni magimbi.

SELE: Magimbi yapi tena?

MWAJU: Kuna mashine imeandikwa taro. Rangi ya zambarau, nzuri, ya kitenge cha harusi. Nikasema hii itakuwa zambarau zenyewe, au zabibu. Nikajaza. Naonja, ni tamu, ina kama uvanila, ina kama unjugu kwa mbali, moyoni nasema hiki kitu nimeshawahi kukila mahali. Namuuliza yule kijana wa pale, samahani, taro ni tunda gani? Akainama, kwa adabu zake zote, akaniambia, "Ni magimbi, mama."

SELE: [kicheko kirefu] Jamani. Jamani!

MWAJU: Magimbi, Sele! Nimekula magimbi ya chai utoto wangu wote, nimeyakimbia, nimevaa nguo nzuri, nimepanda bajaji mpaka Masaki, kumbe yamenitangulia, yananisubiri kwenye kopo.

SELE: Na gimbi lenyewe ndani ni jeupe, lina vidoadoa vya zambarau tu. Mara nyingi rangi ile inaongezwa.

MWAJU: Kwa hiyo nimelipia magimbi yaliyopakwa rangi.

SELE: Magimbi yaliyokwenda saluni. Haya, namba moja ya orodha yangu, historia. Kule Marekani duka la froyo la TCBY lilifunguliwa 1981, Little Rock, Arkansas, na enzi zile wateja walikuwa hawataki hata kusikia ladha ya mtindi, kwa hiyo froyo zilitengenezwa ziwe tamu kama aiskrimu. Hii ya uchachu imekuja baadaye, na maduka mengine, Red Mango Korea Kusini 2002, halafu Pinkberry kule West Hollywood 2005, watu wakapanga foleni...

MWAJU: Foleni ya magimbi?

SELE: Ya mtindi!

MWAJU: Hiyo ya uchachu nimeionja, imeandikwa "asili". Hiyo nakupa. Ulimi unashtuka kwanza, halafu inakuja baridi, halafu utamu wa mwisho mwisho, na embe juu yake Mungu wangu. Ila Ramadhani nawapelekea wazo, mashine ya futari. Mkono wa kushoto magimbi, wa kulia mihogo ya nazi.

SELE: Katikati kunde.

MWAJU: Vikorombwezo kachumbari! Na tambi juu!

SELE: Turudi, turudi. Namba mbili, wale bakteria wa mtindi kwenye ile baridi wengi wanalala tu, hawafi, ila sukari humo...

MWAJU: Wamelala kwenye magimbi.

SELE: Dada, utaniharibia kipindi. Haya, swali moja tu. Hawakuwa na vile vikombe vidogo vya kuonjea?

MWAJU: Vilikuwepo.

SELE: Sasa! Kwa nini hukuonja zote, ukashiba kistaarabu, ukatoka?

MWAJU: Bila kununua?

SELE: Bila kununua.

MWAJU: Mnamsikia? Mnamjua huyu, huyu ndiye alirudisha kiberiti dukani akasema njiti zimepungua.

SELE: Zilikuwa pungufu, na hilo tulishalizungumza. Kikombe cha kuonjea kimewekwa ili uonje. Nikienda Kariakoo kununua tende, muuzaji mwenyewe ananiambia onja. Naonja hapa, naonja pale, nikimaliza mstari nimefuturu. Hakuna aliyeniita mwizi.

MWAJU: Wa tende anakupa kwa mkono wake, moja, anakuangalia usoni, mnaongea bei. Pale unajichotea mwenyewe, yule kijana amesimama na kitambaa anafuta mashine, na jioni ikipungua wanamuuliza yeye. Mtoto wangu alionja mbili nikamwambia inatosha, chagua.

SELE: Kwa hiyo ungeonja taro ungeokoa elfu kumi na kitu. Aibu yako imekula elfu kumi.

MWAJU: Afadhali niliwe na aibu.

SELE: Aibu gani wakati tangazo lenyewe linasema onja bure? Wameshaiweka kwenye hiyo 50 yao, unadhani anayelipa ni nani? Ni wewe. Mimi nikionja nakula hela yako, si yao.

MWAJU: Umejisikia ulichosema?

SELE: ...Nimesema hesabu.

MWAJU: Umesema unakula hela yangu, hewani.

SELE: Siondoki hapo. Kuonja ni kuonja.

MWAJU: Na mimi siondoki. Onja mbili, tatu, nunua hata kikombe cha 5,000. Zote nane halafu unafuta mdomo unatoka, mimi sikujui, na nikiwa nyuma yako nitajifanya naongea na simu.

SELE: Sawa.

MWAJU: Sawa.

[kimya]

SELE: Hiyo nini inalia?

MWAJU: Luku.

SELE: Si nilikutumia hela ya umeme juzi?

MWAJU: Juzi ilikuwa Ijumaa, Sele. Jumamosi nikaenda Masaki.

SELE: Umeme wetu umeununulia magimbi?

MWAJU: Yaliyogandishwa.

SELE: Nina mambo matatu bado kwenye orodha! Kuna ya mzani, kwamba weka kwanza vile vyepesi, halafu...

MWAJU: Zimebaki yuniti 0.4. Waage watu.

SELE: Jamani ndugu zangu, wiki ijayo tuta