Mtoto akishinda gemu, amejifunza nini? Mhadhara wa Malindi

Assalaam aleikum, hamjambo wote. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zetu, walimu wenzangu, na nyie vijana mliojibana kule nyuma karibu na feni, nawaona. Nimeombwa niongee kuhusu gemu za video na biolojia ya molekuli, yaani ile biolojia ya vitu vidogo kabisa, DNA inayobeba maelezo ya urithi, RNA inayoyanakili, protini, mambo ya ndani ya seli huko, na nimedokezwa kwamba wazazi wengi mmekuja kunisikiliza huku mmeshaamua gemu ni balaa. Sawa, tutasikizana tu.

Ukipita mtaa wa Maweni au Kisumu Ndogo jioni utakuta kichumba kina TV mbili na pleistesheni, watoto wamebanana, mmoja anacheza mpira na wengine sita wanampigia kelele afanye nini. Mzazi akichungulia anaona hela ya mahamri imeliwa, na ni kweli imeliwa. Lakini hebu muulize mtoto wa miaka 11 pale akueleze ofsaidi, atakueleza mpaka uchoke, na hakuna mwalimu aliyemkalisha akamwandikia ubaoni, ameijua manake asipoijua anafungwa na akifungwa anatoka kwenye kiti anaingia mwingine.

Basi maneno yangu yote ya leo yako hapo. Gemu inamfundisha mtoto kile kinachoamua kushinda na kushindwa, vingine vyote anaviruka. Kama kinachoamua ni wepesi wa vidole, atakuwa na vidole vyepesi. Kama kinachoamua ni protini, atajua protini, apende asipende.

Nasema hivi kwa sababu gemu nyingi zinazouzwa kwa jina la elimu ni uongo mtupu. Unapewa ndege unapiga vijidudu, piu piu piu, halafu levo ikiisha linatokea swali, mitokondria kazi yake nini, jibu A, B au C. Mtoto anabonyeza chochote ili arudi kwenye ndege yake. Biolojia pale imekuwa ushuru wa kupita. Kuna utafiti wa hesabu, sio biolojia, uliochapishwa 2011 na Habgood na Ainsworth wa Uingereza, walitengeneza gemu moja kwa namna mbili, kwenye namna moja kugawanya namba ndo silaha yenyewe ya kumshinda adui, kwenye ya pili hesabu zimebandikwa mwisho wa levo. Waliocheza ile ya kwanza walijifunza zaidi, na walipoachiwa wachague wenyewe, walikaa kwenye ile ya kwanza muda mara saba ya ile nyingine. Mara saba! Hata utamu wa gemu ulipungua somo lilipotengwa pembeni.

Haya, sasa niwaonyeshe inayofanya sawa. Inaitwa Foldit, ilitoka Mei 2008, Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, maabara ya David Baker pamoja na watu wa kompyuta wa chuo hicho hicho. Huyu Baker ndo aliyepata Nobel ya kemia 2024 pamoja na Demis Hassabis na John Jumper, hao wawili tutawarudia manake najua kuna mtu ataniuliza.

Kwanza protini ni nini. Ni mnyororo wa amino asidi, mwilini ziko aina 20 zilizo za kawaida, zimetungwa kama shanga kwenye uzi, lakini mnyororo huu haukai umenyooka, unajikunja, na namna ulivyojikunja ndo inayoupa kazi. Ukikunjika vibaya kazi inaharibika, na wakati mwingine unaleta na ugonjwa juu.

Sasa ukifungua Foldit unaona mnyororo umekaa ovyo kwenye skrini, na una vijitawi pembeni, vingine rangi ya chungwa vingine bluu. Vya chungwa vinakimbia maji, vya bluu vinapenda maji. Ukiacha cha chungwa kinachungulia nje, pointi hazipandi. Ukisongeza sehemu mbili zikagongana, inatokea miba myekundu hapo katikati inakuzomea. Ukiacha uwazi ndani, yanatokea mapovu mekundu. Una kitufe cha kutikisa vijitawi, una kingine cha kuuyumbisha mnyororo wenyewe, na una raba unazifunga huku na kule uvute upande huu uje karibu na ule. Na pointi zenyewe hakuna aliyezitoa kichwani, ni hesabu ya nishati imegeuzwa juu chini, nishati ya mkunjo ikishuka pointi zinapanda. Kwa hiyo mtoto hana njia ya kudanganya. Hajui neno haidrofobiki, yaani kinachokimbia maji, na saa ile hana haja nalo, ila baada ya levo kadhaa mkono wake wenyewe unavisukuma vya chungwa ndani, na siku mwalimu akilileta lile neno darasani linakuta kiti kiko wazi, linakaa.

Na sio mchezo wa kitoto tu. Kulikuwa na virusi vya nyani, vya familia moja na HIV, vina kimeng'enya kinachokatakata protini za kirusi, wanasayansi walikuwa wamehangaika na umbo la kimeng'enya hicho zaidi ya miaka 10. Mwaka 2011 likatoka jibu kwamba wachezaji wa Foldit walipopewa lile fumbo walitoa umbo zuri ndani ya wiki tatu, zuri kiasi cha wataalamu kulitumia kukamilisha kazi yao ya kuchora umbo kwa miale ya eksirei, na wengi wa wachezaji wale hawakusomea baiokemia hata kidogo.

Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, anasema moyoni sasa huyu mwalimu anataka mwanangu akae kwenye skrini mpaka alfajiri. La, sitaki mama. Gemu hizi zina uongo wake nao lazima usemwe. Kwenye skrini molekuli zinatulia zikisubiri umalize kufikiri, kwenye seli halisi kila kitu kinatetemeka na kugongana bila kupumzika, hakuna anayekipangia. Mtoto akicheza sana anaanza kusema kimeng'enya "kinataka" hiki, RNA "imeamua" vile. Kwa hivyo dakika 20 za gemu, halafu skrini zizimwe, muongee. Umeona nini? Kwa nini ulishindwa? Kwenye mwili ingekuwaje? Hicho kipindi cha kuongea walimu wengi wanakiruka kengele ikikaribia, na bila hicho, kusema kweli, heri mngecheza mpira.

Sasa tuje kwetu, manake Foldit inataka kompyuta na skuli nyingi hapa kompyuta ni chache na stima nayo ina siku zake. Mimi darasani huanza na ubao, kamba na chaki, halafu ndo tunapanda kwenye mashine. Na ninaanza na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu ugonjwa huu ni wetu, hakuna mtaa hapa Malindi usioujua.

Naandika herufi 27 ubaoni, AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG. Huo ndo mwanzo wa ujumbe wa RNA wa mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, sio mfano wa kubuni. Kila herufi tatu ni amino asidi moja, watoto wana jedwali, wanatafsiri. AUG ya mwanzo huja kuondolewa, ndo maana tukihesabu, GAG ya kwanza inaangukia nafasi ya sita, na GAG ni asidi ya glutamiki, inapenda maji, haina matata. Halafu namwita mtoto mmoja afute A ya katikati aandike U. Herufi moja tu. Sasa ni GUG, nayo ni valini, inakimbia maji, na imekaa juu, usoni mwa protini ambapo maji yako. Wale waliokwisha kucheza Foldit wanapiga kelele hapo hapo, hiyo ni ya chungwa, iko nje! Sijawafundisha hilo, limewatoka wenyewe.

Kisha tunatoka uwanjani. Kila mtoto ni himoglobini. Mwenye kadi ya oksijeni anatembea huru. Akiiachia, na kama ana valini, lazima amshike jirani yake begani, na jirani naye hivyo hivyo, mara unaona msururu mrefu mgumu ndani ya duara la chaki, duara ndo chembe nyekundu ya damu, na msururu unalivuta duara lote linapinda kama mundu. Wakipewa oksijeni tena wanaachana. Hapo mtoto ameona kwa nini mgonjwa anaumia zaidi akipungukiwa na oksijeni, kwa nini daktari anamwambia anywe maji na asijichoshe.

Baadaye ndo tunaifanya gemu kwenye kompyuta, na wanaitengeneza wao. Tunatumia Scratch, programu ya kujifunzia kutengeneza gemu iliyotoka chuo cha MIT kule Marekani, ilitoka 2007, ni ya bure, ukishaipakua haihitaji bando, na ina Kiswahili ndani. Mchezaji anachagua damu, AA, AS au SS, hapa A ni himoglobini ya kawaida na S ni ya sikoseli, na anachagua mahali pa kuishi, pwani au bara kwenye baridi, halafu mbu wanaanza. Hapa ndo gemu inapokuwa tamu, manake hakuna damu inayoshinda kila mahali. Kwenye baridi ambako malaria hakuna, AA hana shida. Huku kwetu AA anapigwa na malaria, SS ana ugonjwa wenyewe, na AS, yule aliyerithi A kwa mzazi mmoja na S kwa mwingine, ndo anabaki amesimama. Halafu raundi inayofuata AS wawili wanaoana na kompyuta inarusha kete, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na darasa linanyamaza.

Na hii hatujaitunga. Daktari mmoja, Anthony Allison, aliyekulia hapa hapa Kenya, mwaka 1949 alizunguka nchi hii akipima damu, akakuta watu wa pwani na wa karibu na ziwa Victoria zaidi ya 20 kwa 100 wana hiyo AS, wakati kwenye nyanda za juu haikufika hata 1 kwa 100. Mwaka 1954 akachapisha kwamba sababu ni malaria. Na hapo Kilifi tu, matatu moja kutoka hapa, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza 1989, utafiti wao uliotoka 2005 ulionyesha AS inapunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Nikiwaambia watoto kwamba majibu hayo yametoka kwenye damu ya watu wa kaunti yao wanakaa wima kwenye viti.

Neno moja kwa walimu. Darasani humo humo kuna mtoto ana ugonjwa huu, labda hajasema. Usiwagawie watoto damu kwa majina yao, wape wahusika wa kubuni, na asichekwe mtu kwa kufa kwenye gemu. Ongea na mzazi kabla. Hili silifanyii mzaha.

Wenye intaneti, kuna EteRNA, ya vyuo vya Carnegie Mellon na Stanford, hii ni ya RNA, na kompyuta ya kawaida yenye intaneti inatosha, simu nzuri yaweza kujaribu pia. Unapewa umbo, unapanga herufi, A njano, U bluu, G nyekundu, C kijani, ili RNA ijikunje vile. G na C zinashikana kwa vifungo vitatu vya haidrojeni, A na U kwa viwili, kwa hiyo mtoto anagundua haraka pembe zinazofumuka zinataka G na C, lakini akizijaza kila mahali umbo linaharibika. Na kilichonivutia mimi, miundo mizuri ilikuwa inatengenezwa kweli maabara, mchezaji anarudishiwa matokeo. Kiingereza chake kinasumbua wadogo, mwalimu akae karibu.

Swali la mzee wangu pale, ndio nililisubiri: si kompyuta siku hizi zinakunja protini zenyewe? Ndio mzee, kuna AlphaFold, programu ya akili mnemba ya hao kina Hassabis na Jumper niliowataja, imeshatoa maumbo ya protini zaidi ya milioni 200. Fumbo la kubashiri umbo mashine imetuacha mbali. Lakini wachezaji wa Foldit nao walihamia kwengine, wakaanza kubuni protini ambazo hazijawahi kuwepo duniani, na mwaka 2019 ikachapishwa kwamba katika 146 zilizopimwa maabara, 56 zilijikunja zikakaa imara. Na kwa mwanafunzi wangu wa gredi ya nane hilo la mashine halibadilishi kitu, manake mashine ikijua haimaanishi yeye amejua. Kompyuta mbili ziko pale mezani, Foldit iko wazi kwenye moja, Scratch kwenye nyingine. Wazazi kwanza, vijana mtasubiri, nyinyi mkikaa hamtoki.