Mnaniuliza Kwa Nini Likizo Nzima Nakaa Tu kwa Mama

Haya jamani, habari za huko mliko. Naongea kwa sauti ya chini kwa sababu mama amelala chumba cha pili, na hapo katikati ni ubao tu. Ni Jumapili, saa tano na nusu usiku, niko nyumbani Arusha, Moshono. Nilikuwa nimeshavua hata hereni nilale, nikaona niongee sasa hivi kabla halijapoa.

Kuna swali linarudi kila video ninayoweka. Maneno yanabadilika, swali ni lile lile: "Dada, mwaka wa pili huu unakuja likizo unatuonyesha jiko la mama na migomba. Mbona huendi Ngorongoro? Mbona hatukuoni Zanzibar? Au huko Uingereza kumebana?" Jana mmoja kaandika mimi ni bahili. Wa chini yake kaandika najifanya sina ili nisiombwe hela. Sasa niwaambie ukweli, hilo la pili limeniuma, maana nikila bata naambiwa naringa, nikikaa nyumbani naambiwa nalia njaa. Kwa hiyo leo nawasimulia Jumapili yangu yote, na hela niliyotumia nitaitaja, kila mtu apime mwenyewe.

Nimeamka saa tatu asubuhi. Mama alishaenda ibada ya kwanza, akarudi, akakamua ng'ombe wake wawili, na hakunigongea mlango. Wale mnaojua akina mama wa Kichaga mnaelewa uzito wa jambo hilo. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, sina haja ya kuieleza. Nikavaa sweta, nikajifunga kitenge juu yake, nikatoka kibarazani na kikombe cha chai ya maziwa. Meru ilikuwa imejifunika wingu lote. Nikakaa. Sikushika simu, sikufanya chochote, mpaka wingu likaanza kuachia kilele kwenye saa sita hivi.

Najua kuna mtu anasema, sasa hilo nalo la kusimulia? Kwangu ndiyo. Leicester mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na Jumapili nyingi niko zamu, saa kumi na mbili za kusimama. Jumapili nisiyokuwa zamu nafua, napika vyakula vya wiki nzima naweka kwenye friza, nalala. Silalamiki. Kazi niliitafuta mwenyewe, nikaomba Mungu niipate, na imejenga choo cha ndani na kibaraza hiki nilichokalia. Nawaeleza tu kwamba Jumapili ya kukaa mimi siipati, na nikiipata siigawi kwa mtu.

Mchana tukamenya ndizi za machalari. Mama alipaka mafuta mikononi kwanza, mimi nikasahau, miaka imepita. Angalieni hivi vidole, oneni. Huu weusi ni utomvu, nimesugua na limau na bado.

Na hivi vidole vina kesi nyingine, ngoja niitoe hapa hapa maana imenikaa kooni tangu Ijumaa. Laini yangu ya simu ya hapa nyumbani imefungwa kwa sababu haikutumika kwa muda mrefu. Ndani yake kuna hela yangu. Nikaenda kuirudisha, foleni kuanzia saa tatu mpaka saa nane, namba ya NIDA ninayo, haya weka kidole. Mashine ikakataa. Gumba la kulia, gumba la kushoto, la shahada, mara saba. Yule kijana akachukua kitambaa akanifuta, akanipaka mafuta ya mgando kidogo, ikakataa. Akaniuliza, "Dada, unafanya kazi gani?" Nikamwambia nanawa mikono kutwa nzima na dawa. Akasema anaona mistari imelika. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Yaani kazi ninayoifanya ili nitume hela nyumbani ndiyo imenifuta alama inayonitambulisha nyumbani. Nilitoka pale nikasimama barabarani kama dakika kumi sijui niende wapi.

Basi, turudi. Tumemaliza kula, mama ananiuliza tu ghafla, "Hivi siku hizi watu bado wanakwenda sinema?" Nikamwambia zipo, hata hapa mjini. Akasema yeye mara ya mwisho ni Moshi, Plaza, kabla hajaolewa, filamu ya Kihindi, na walilia wote mpaka wakatoka nje macho mekundu. Mama yangu! Mimi nilimjua kama mtu wa kanisani na shambani, kumbe alishapanga foleni Plaza na wenzake. Nikamwambia vaa, twende.

Saa kumi na mbili na nusu jioni tuko dirishani pa tiketi. Iliyokuwa inaanza ni moja tu, ya anga za juu, watu wamepelekwa Mars. Nikamuuliza kama ataiweza, akasema, "Nimeshafika, siwezi kurudi bila kuona." Kadi yangu ya benki ya kule ikakataa. Mara mbili. Laini ya simu ndiyo hiyo imefungwa. Nikawa nashikashika mkoba, nyuma yetu kuna watu, na mama akafungua kikoba chake akatoa noti zilizokunjwa mara nne, za maziwa. Kabla hamjaandika, hela nimemrudishia jioni hii hii, nilikuwa na akiba kwenye begi. Hesabu yenyewe ni hii: tiketi mbili 24,000, bisi 7,000, soda na maji 3,000, bajaji kwenda na kurudi 12,000. Jumla 46,000. Hiyo ndiyo anasa yangu ya likizo, na kama ni kuringa basi nimeringa.

Ukumbini tulikuwa watu kumi na mmoja, niliwahesabu. Filamu ni ya Kiingereza na maandishi ya chini hakuna. Na hapo ndipo nikamkumbuka Lufufu. Tuliokua na vibanda vya video tunajua: benchi, pazia zito mlangoni, joto, na ile sauti ya Lufufu inakutafsirieni filamu nzima, anamwongelea jambazi, anamwongelea polisi, anakuelezeni na mji wenyewe ulivyo. Filamu za anga za juu nilizipendea kule Ngarenaro, kwa sauti ya mtu wa kwetu, siyo kwa Kiingereza. Basi leo nikawa Lufufu wa mama. Nimeinama sikioni kwake saa mbili nzima, shingo inaniuma mpaka sasa. Jirani mmoja aligeuka mara moja, akamwona mama na kilemba chake, akageukia mbele.

Kuna sehemu binti yuko Mars anazungumza na mama yake aliyebaki duniani. Anaongea, kisha ananyamaza anangoja. Mama akaniuliza, "Mbona hajibiwi? Wamekosana?" Nikamweleza kwamba hilo si la filamu tu, ni kweli. Sauti ikisafiri kutoka Mars inachukua dakika 3 sayari zikiwa karibu, na zikiwa mbali kabisa inafika 22. Kwenda tu. Ukiuliza "umekulaje leo", ni robo tatu ya saa hivi ndipo upate jibu. Mama akaguna tu, akaendelea kula bisi.

Baadaye akauliza tena, "Kwa hiyo aliruhusiwa kwenda, mama hakuruhusiwa?" Hilo sikulitafsiri, nilikaa kimya.

Maana wengi mnaniandikia, "Si umchukue mama ukae naye?" Ndugu zangu, nisikilizeni, na haya ni ya kwangu, mwenye viza nyingine ana mambo yake. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mtoa huduma kama mimi anayeomba viza hii kwa mara ya kwanza haruhusiwi hata kuleta mume na watoto, sembuse mama. Na wanaonitumia CV kila wiki, tangu tarehe 22 Julai 2025 njia hii ya watoa huduma kuajiriwa kutoka nje imefungwa. Siwanyimi, imefungwa. Ukaazi wa kudumu nilikuwa naudundulizia, ada yake kwa 2025 ilikuwa pauni 3,029, mtu mmoja, na Mei mwaka huo huo ikatangazwa kwamba wanataka muda wa kungoja utoke miaka 5 uwe 10. Nina shajara niliyokuwa nafuta siku humo. Nimeacha kuifungua.

Mama nilimwombea viza ya matembezi tu, mwishoni mwa 2025. Pauni 127 ambazo hazirudi, hati ya shamba la Kibosho, barua ya mchungaji, mpaka picha za ng'ombe. Jibu likaja kwamba hawajaridhika kuwa atarudi kwao. Mama yangu, ambaye akilala Moshi usiku mmoja tu anapiga simu mara tatu kuuliza ng'ombe wamekula nini. Ile barua sikumsomea yote. Nilimwambia tu imeshindikana, akasema sawa mwanangu.

Basi tumetoka, nje baridi inakata, tumeingia kwenye bajaji. Nikamuuliza filamu ameionaje. Akasema nzuri, ila yule binti angevaa nguo nzito zaidi. Kisha akakaa kimya mpaka tunaivuka Kijenge, akawa anajifunga kanga vizuri kichwani, akasema, "Dakika ishirini na mbili siyo nyingi. Mimi huwa nakungoja mpaka Jumatano."

Jumatano ndiyo siku yangu ya mapumziko, ndiyo ninayompigia. Hakusema kwa kunilaumu, alisema kama mtu anayelinganisha bei. Na simu yangu mimi inafika palepale nikibonyeza.

Sasa mwenye kutaka kwenda Ngorongoro na ndugu zake likizo aende, ni kuzuri, wala simsemi vibaya anayekwenda Zanzibar. Kila mtu na nyumba yake. Mimi nimebakiza siku nne, ndege ni Ijumaa asubuhi hapo KIA, na hizo siku nne zote mtaona jiko na migomba.

Kesho saa mbili narudi kwenye ile foleni ya laini. Mama kasema tutakwenda wote, na atabeba limau.