Kupigwa Picha na Kuonana

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika jioni hii hapa Nairobi. Nitaanza na picha moja, ambayo mama yangu mkubwa alipigwa mwaka 1974 katika studio ya ghorofani kule River Road, miezi michache baada ya kuja mjini kutafuta kazi. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa ziwa na minazi, mkoba mweupe umening'inia kwenye kiwiko, na ameshika mkonga wa simu ambayo waya wake, ukitazama vizuri, haukuunganishwa popote. Kidevu amekiinua kidogo. Hacheki. Nilipokuwa kijana niliiita picha ya uongo, kwa sababu nyumbani hatukuwa na simu, na leo nataka kulifuta neno hilo.

Lugha yetu inatofautisha kutazama na kuonana. Kutazama naweza peke yangu, hata kwa kuchungulia dirishani, lakini kuonana hakuwezekani mpaka wawili wakubaliane. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa nchi hii kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichovaliwa shingoni. Aliyekivaa alitambulika kila alikokwenda, na hakuna aliyemwuliza angependa kujulikana kama nani.

Sasa mfikirieni Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, na kwa kuwa alibadilisha kitambaa kila baada ya miaka michache, baadaye aliweza kukadiria mwaka wa picha kwa kukitazama kitambaa tu. Aliwaazima wateja suti, saa, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa waiegemee. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida alipiga mara moja tu, na kazi kubwa ikawa ile ya kabla ya kupiga: kumweka mteja sawa, kuugeuza uso upande wa mwanga, kuupatia mkono mahali pa kutulia. Kijana aliyeazima saa alikuwa akimweleza mtazamaji maisha anayoyaendea, na Keïta alimsikiliza. Inaniuma kwamba picha zake zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, maelezo yalisema mpiga picha hajulikani. Aliyewaona watu wengi kiasi hicho, yeye mwenyewe hakuonwa.

Usikivu huo ulihitajika hata zaidi filamu za rangi zilipoenea, kwa kuwa zilisawazishwa kwa kipimo cha ngozi nyeupe, na maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi nyeusi ikapoteza alama zake zote, mtu akabaki macho na meno. Mpiga picha aliyejua kumsogeza mteja mweusi karibu na mwanga alikuwa akimrudishia uso wake.

Mama mkubwa alipofariki, tulihitaji picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. Wengi wetu tulichagua ile ya kitambulisho iliyokuzwa, kwa hoja kwamba ndiyo iliyofanana naye: mashavu yamelegea, macho yamechoka, shingo imenyooshwa kwa amri ya karani. Binti yake alikataa, akaenda chumbani akarudi na ile ya River Road, kisha akaigeuza. Nyuma, kwa penseli iliyokuwa imeanza kufifia, mama mkubwa alikuwa ameandika: "Mkoba ni wa jirani. Simu ni ya studio. Gauni nimenunua mwenyewe."

Tuliichapisha hiyo.