Mkono wa Mteja: Mafunzo ya Kazi ya Kuuza Mtandaoni
Mhadhara uliotolewa Lubumbashi kwa vijana wanaoanza mafunzo ya biashara

Waheshimiwa wazazi mliowasindikiza watoto wenu, ndugu walimu, na ninyi vijana ambao ndio wenye shughuli ya leo, nawashukuru kwa kufika mapema, ingawa najua wengi wenu mmetoka Ruashi na Katuba na asubuhi hii umeme ulikatika kabla watu hawajamaliza kupiga pasi. Nimeombwa niseme juu ya namna mtu anavyojiandaa kwa kazi ya kuuza bidhaa mtandaoni. Nimeifanya kazi hiyo hapa Lubumbashi kwa miaka 9, kwanza peke yangu na simu moja, kisha na wasichana wawili na kijana mmoja wa stoo, na sasa ni mwaka wa tatu nikiwafundisha wengine. Nitasema basi kama mchuuzi, si kama mtaalamu wa kompyuta.

Kila tunapopokea kundi jipya huwauliza wamekuja kujifunza nini, na jibu halibadiliki: kufungua ukurasa, kulipia matangazo, kupata wafuasi wengi. Mambo hayo yapo na tutayafundisha, lakini kijana anayelala na simu chini ya mto hahitaji zaidi ya wiki mbili kuyajua. Kinachohitaji miezi ni kingine. Mama anayeingia soko la Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi, kununua kikwembe, yaani kitenge, hakitazami tu: anakishika, anakifinyanga ncha, anakigeuza upande wa pili, anakisugua kwa kidole chenye mate aone kama kinaachia rangi, na muda wote huo anamsoma muuzaji usoni. Mkono wake ndio unaoamua. Mteja wa mtandaoni mkono wake uko Kampemba ilhali kikwembe kiko Kamalondo, na kazi yote ya muuzaji, tangu picha ya kwanza hadi mlango wa mteja, ni kumtafutia mkono mwingine badala ya ule. Mafunzo yetu yote ni mafunzo ya mkono huo.

Wala jambo hili si geni kama linavyosemwa. Mwaka 1979 Mwingereza Michael Aldrich aliunganisha televisheni na kompyuta kwa njia ya waya wa simu, na mwaka 1984, katika mji wa Gateshead, bibi wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball aliketi nyumbani kwake akaagiza majarini, mayai na konifleksi kutoka duka la Tesco kwa kubonyeza kidhibiti cha televisheni. Wengi husimulia habari hiyo kwa kuistaajabia televisheni. Mimi huyastaajabia mayai. Mayai hayakupita katika waya wa simu. Yuko mtu aliyeyachagua, akayafunga, akayabeba hadi mlangoni, na mtu huyo sijawahi kumsikia akitajwa. Wengi wenu mtakaopata ajira katika biashara hii mtakuwa yeye.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndipo wanafunzi wangu wanapojikwaa zaidi. Tuna zoezi moja ambalo huchukua asubuhi nzima. Wanafunzi wawili huketi wamepeana mgongo. Mmoja ameshika kikwembe kimoja, mwenzake ana vikwembe vitano mapajani, na kimojawapo ni sawasawa na kile cha mwenzake. Wa kwanza hueleza, wa pili hutafuta. Mwaka jana msichana mmoja, hodari kabisa wa kuandika matangazo, alianza hivi: "Kikwembe kizuri sana, cha kisasa, cha heshima, bei nafuu." Mwenzake akajibu kwamba vyote vitano ni vizuri na vya heshima. Akajaribu tena: "Kina maua." Vitatu vilikuwa na maua. Mara ya nne alinyamaza kwanza, akakitandaza magotini, akakitazama kama anayekiona kwa mara ya kwanza, kisha akasema: "Msingi wake ni buluu iliyokolea, maua ni ya manjano na kila ua linajaza kiganja changu, upande wa nyuma rangi ni ileile kama mbele, kitambaa ni kigumu kidogo kwa sababu hakijafuliwa, yadi 6, na pindoni kuna maandishi ya kiwanda." Mwenzake alikivuta bila kusita. Tangu siku hiyo sijamwona msichana yule akitumia neno "cha kisasa".

Angalieni alichosema juu ya upande wa nyuma. Waksi ya kweli, yaani kikwembe cha kuchapwa kwa nta, huchapwa hivi kwamba rangi hupenya, pande zote mbili zikalingana, ilhali kitambaa kilichochapwa upande mmoja tu nyuma yake hufifia. Mama wa sokoni anakijua hicho, ndiyo maana hukigeuza. Basi picha ya pili ya kila kikwembe iwe ya nyuma, ya tatu iwe ya pindo, na maelezo yaseme yadi ngapi, maana yadi 6 ni karibu mita 5.5 na fundi cherehani atauliza. Picha zipigwe karibu na dirisha, asubuhi, bila mwanga wa simu, juu ya shuka nyeupe. Mwanga wa simu hugeuza nyekundu kuwa ya machungwa, na mteja akiletewa nyekundu atasema umemdanganya, naye atakuwa na haki.

Kusema ukweli juu ya kasoro ni sehemu ya ufundi huohuo. Mwaka 1995, Pierre Omidyar alipofungua huko California mnada wa mtandaoni ambao leo ni eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Ilitangazwa kuwa ni mbovu, na aliyeinunua alikuwa mkusanyaji wa kalamu mbovu za namna hiyo. Sisemi kwamba Lubumbashi imejaa wakusanyaji wa vitu vibovu, ingawa ukipita katika baadhi ya nyua zetu unaweza kudhani hivyo. Nasema kwamba kitu kilichoelezwa kilivyo hakirudi, na kitu kisichorudi ndicho chenye faida.

Sasa tuje kwenye viatu, kwa sababu viatu vimenifundisha hesabu kuliko shule. Viatu vinavyotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka Afrika Kusini mara nyingi vina namba za Kiingereza, 7, 8, 9, na vile vya Dubai au China vina namba za Ulaya, 41, 42, 43. Namba ya Ulaya ni kipimo cha kalibu ya fundi, lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake: kila namba ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 42 ni kalibu ya sentimita 28, na mguu unaoingia humo ni mfupi kwa sentimita moja na nusu au mbili. Mteja hayajui hayo na halazimiki kuyajua. Yeye anasema, "Mimi ninavaa 42," akikusudia kile kiatu cha kiwanda fulani alichonacho mguuni. Tunachofundisha ni kumwomba akanyage karatasi, achore mstari nyuma ya kisigino na mwingine mbele ya kidole kirefu, kisha atutumie sentimita. Nasi tupime soli ya ndani ya kila kiatu kwa utepe na kuiandika katika maelezo. Ni kazi ya dakika 2.

Tuone basi bei ya kutozitoa dakika hizo. Chukueni mfano wa kijana aliyenunua jozi 10 kwa dola 12 kila moja, akalipa dola 3 kwa kila jozi za usafiri na forodha, akauza kwa dola 20. Katika kichwa chake ametumia 150, atapokea 200, na faida ni 50. Lakini ameahidi kupeleka bure, na pikipiki ni dola 2 kwa safari moja: 20 zimeondoka. Bando na makato ya kutoa pesa kwenye simu: 5. Jozi mbili zimekataliwa mlangoni kwa kuwa zinabana. Safari mbili za pili, dola 4 nyingine, na mojawapo imechafuka, akaiuza kwa 14, hivyo amepoteza 6. Jumla ya vilivyoondoka ni 35. Faida yake ni dola 15 kwa wiki tatu za kazi, na bado hajajilipa mshahara. Kijana huyo hakuibiwa na mtu. Hakuandika tu. Ndiyo maana kila mwanafunzi wetu hushika daftari la mkono kwa mwezi mzima kabla ya kuruhusiwa kuingiza hesabu katika programu yoyote, na humo huandika dola katika safu moja na faranga katika safu nyingine, pamoja na kiwango cha siku hiyo, kwa sababu anayenunua kwa dola, akauza kwa faranga na kusubiri wiki nzima kubadilisha, amejitia katika biashara ya fedha bila kujua.

Malipo ni somo fupi, nami nililisoma kwa machungu. Jumamosi moja jioni mteja alinionyesha katika simu yake ujumbe kwamba pesa zimetumwa. Jina langu lilikuwamo, kiasi kilikuwa sahihi, nami nikatoa mfuko. Pesa hazikufika hadi leo. M-Pesa iliyoanza mwaka 2007 kule Kenya ya Nairobi, si komini yetu, na huduma za namna hiyo tulizo nazo hapa, zimetuwezesha kuuza bila benki, lakini kanuni ni moja: soma salio katika simu yako, usisome ujumbe katika simu ya mwingine. Na kama mteja analipa noti mkononi, aliyepeleka aiinue juani, kwa sababu noti ya dola yenye mpasuko mdogo ukingoni hakuna mbadilishaji atakayeipokea bila kuikata bei.

Kupeleka mzigo, hapa kwetu, ni nusu ya biashara. Kampuni ya kuuza mtandaoni ya Jumia ilianzia Lagos mwaka 2012 ikiwa na mtaji ambao sisi tunausikia tu, na mwaka 2019 ilifunga shughuli zake Kameruni na Tanzania. Kwa maoni yangu mtaji hauwezi kununua anwani mahali ambapo nyumba hazina namba. Mteja wa Ruashi hukuambia: pita kanisa, shika njia ya mwembe, uliza kwa mama wa makaa. Aliyefunzwa huandika maelezo hayo mara moja katika daftari la wateja na hayaulizi tena. Pia humlipa mwenye pikipiki malipo madogo ya kungoja wakati mteja anajaribu kiatu. Wanafunzi hunibishia hapo, wakisema ni hasara. Dereva asiyelipwa kungoja huondoka, kwa sababu kila dakika ni abiria aliyempita, na safari ya pili, kama tulivyohesabu, ni dola 2.

Kuhusu sheria nitasema machache. Nchi yetu ya Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na sheria zake zinamtambua mfanyabiashara mdogo anayeanza kwa kutoa tamko tu, bila mzigo wa usajili kamili. Tangu Machi 2023 tuna pia Sheria ya Dijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa taarifa za watu. Namba za simu na anwani za wateja wenu ni amana. Mwanafunzi aliyeziuza kwa mchuuzi mwingine tulimtoa, na sikujuta.

Najua mnaogopa kuuliza swali la mwisho, nami nitalijibu kabla halijaulizwa: si kila mtu hapa atakuwa na duka lake. Nafasi ninazoombwa kila mara ni za mtunza stoo anayejua kuhesabu bila kukosea, mpiga picha wa bidhaa, na mtu wa kujibu ujumbe. Huyu wa tatu ndiye mgumu kumpata, kwa sababu lazima aandike Kifaransa safi kwa anayeandika Kifaransa, na mama akituma sauti akiuliza, "Yaya, hii kikwembe inaachaka rangi?", ajibu kwa sauti, kwa Kiswahili kilekile, awe tayari amekilowesha kipande usiku uliopita ili jibu lake liwe la mtu aliyeona.

Tunaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na utepe wa fundi cherehani, daftari la mistari, kalamu mbili, na kiatu kimoja kutoka nyumbani, si jozi. Simu mnaweza kuziacha. Hatutazihitaji hadi wiki ya tatu.