Kwanza Tusikie: Maneno kwa Waongozaji wa Vikundi vya Biblia

Bwana Yesu asifiwe!

Mama zangu, baba zangu, wainjilisti na vijana mnaoongoza vikundi vya kujifunza Biblia mitaani, leo nina ombi moja. Tuache kuhubiri kwenye vikundi. Mimbari tunayo kanisani, na Jumapili inatosha.

Nasema hivi kwa sababu nimelikosea jambo hili miaka mingi. Nilikuwa nafika kwenye kikundi na daftari limejaa: maana ya neno hili, historia ya mji ule, mafundisho matatu na maombi. Watu wanaitikia amina, tunakunywa chai, tunaagana. Ukiwauliza baada ya siku mbili tulisoma nini, wanakumbuka kwamba kasisi alifundisha vizuri.

Jioni moja tulikuwa tukisoma Ruthu sura ya 2, uani kwa mama mmoja mjane, huku kwetu Dodoma, mavuno ya mtama yamekwisha. Nilikuwa nimejiandaa kueleza sheria ya Walawi juu ya masazo, yaani masuke yanayoachwa shambani ili maskini waokote. Yule mama hajui kusoma. Kijana wake alisoma sura yote kwa sauti, na alipofika mstari wa 16, mama akasema, "Rudia hapo, mwanangu." Akarudia: Boazi, mwenye shamba, anawaagiza vijana wake wachomoe masuke kwenye matita waliyokwisha kufunga, wayaache chini, Ruthu aokote, wala wasimkemee.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyu mtu angeweza kumpa debe zima mkononi. Lakini angemwaibisha mbele ya watu. Amemwachia chini ili arudi nyumbani akisema, nimeokota kwa jasho langu." Akatueleza mwaka wa njaa alivyookota masazo kwenye shamba la watu, na jinsi mwenye shamba alivyokuwa akimsimamia na kumhesabia.

Ndugu zangu, nilifunga daftari. Miaka yote nimeisoma sura ile sikuiona aibu ya Ruthu, wala adabu ya Boazi katika kutoa.

Na jambo hili si geni katika Kanisa letu la Anglikana. Angalieni sala ya siku ya Jumapili ya pili ya Majilio, iliyotungwa na Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa ajili ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1549. Tunamwomba Mungu atujalie tuyasikie Maandiko, ndipo tuyasome, tuyaangalie, tujifunze, tuyameng'enye ndani yetu kama chakula. Kusikia kumewekwa mbele ya kusoma. Basi asiyejua kusoma ameketi mstari wa mbele pamoja nasi.

Uamsho wa Afrika Mashariki nao, uliotuletea wimbo wa "Tukutendereza", una mzizi hapo. Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wakaketi siku mbili wakifuata katika Biblia habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Mzungu na Mwafrika, enzi ile ya ukoloni, Biblia moja kati yao, wote wawili wanafunzi! Hata maaskofu wetu wa dunia nzima walipokutana Canterbury mwaka 2008, waliisoma Injili ya Yohana katika vikundi vya watu wanane hivi. Kikundi kikifika watu ishirini, kigawanyeni. Waoga hawasemi penye umati.

Kwa hiyo fungu lisomwe mara mbili, polepole, na wasomaji wawili; mmoja Biblia ya Muungano, mwingine Habari Njema, kwa maana pale zinapotofautiana ndipo maswali mazuri huzaliwa. Kisha kimya. Najua kimya kinatutisha, tunakimbilia kukijaza kwa pambio. Kivumilieni. Halafu uliza: neno gani limekushika? Mtu akitoka nje ya fungu, mwulize kwa upole, "Umeliona katika mstari gani?" Swali hilo linamrudisha bila kumvunja. Na kasisi akiwapo, awe wa mwisho kusema.

Sasa tujigawe watu wanane wanane. Walio karibu na mlango watoke chini ya mwembe. Fungu ni Marko 5, kuanzia mstari wa 25, yule mwanamke aliyeugua miaka 12. Asomaye wa kwanza asiharakishe.